Kiti Kilichokaribishwa

Wiki ya pili kwa mshauri, mto wa kile kiti kitupu ulikuwa umebonyea, kana kwamba kuna aliyekikalia. Fundi cherehani aliuona, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili; aliomba radhi hata kwa waliomkanyaga. Na katika kushona hakuwa na mpinzani, wallahi, kipofu angevaa gauni lake akajiona mzuri. Lakini kila akishika mkasi, sauti ilimnong'oneza sikioni: "Wewe si kitu. Utaharibu." Sasa bosi alitaka kumfanya mkuu wa wakataji, naye alikuwa tayari kukataa. Ndipo, wiki iliyotangulia, dada yake alipomburuta hadi kwa mshauri nasaha, ghorofani juu ya duka la dawa.

"Kazungumze, mdogo wangu. Unatukanwa kichwani mwako mwenyewe, na wewe unaamkia shikamoo!"

Mshauri alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, anayejiamini mpaka viatu vyake.

"Leo tutamkaribisha huyo anayekudharau," alisema. "Mwambie akae kiti kile, kisha mseme."

"Tumkaribishe?" Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Asiyeonekana hapewi kiti. Ukimpa kiti umempa nyumba. "Haiwezekani nimseme hukohuko aliko?"

"Zoezi tu hilo, mpenzi. Kiti ni kiti."

"Haya. Karibu," fundi akanong'ona. "Kaa."

Kiti kikalia kwii. Harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi ikajaa chumbani, saa tisa mchana, jua linawaka, na pasi hakuna.

"Umesikia?"

"Nini?" Mshauri aliendelea kuandika daftarini.

Kila wiki mto ulizidi kubonyea, na kila wiki mgongo wa fundi ulizidi kunyooka. Sikioni kukawa kimya. Hilo ndilo lililomtia shaka: mpangaji wa miaka yote hahami bila kupata kwingine.

Wiki ya nne mshauri akasema, "Sasa mfukuze."

Fundi akainuka, harufu ya kuungua imemjaa puani, akakikazia macho kile kiti ambacho mto wake ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kwa sauti ambayo hakuwahi kujua anayo akapaza: "Mikono hii ni yangu! Toka ndani yangu!"

"Nilishatoka," kiti kikamjibu, kwa sauti ya fundi mwenyewe. "Nilikaribishwa huku."

Mto ukainuka, ukajaa. Ubao wa sakafu ukalia, hatua moja, ya pili, ya tatu, kuelekea kwenye meza ya mshauri.

Kalamu ikamdondoka mshauri.

"Samahani," akasema. Hakuwahi kulitamka neno hilo. "Samahani sana. Sijui hata kama nimekusaidia. Mimi si kitu." Akashika sikio. "Nani huyu anayesema? Mwite, nakuomba. Mwambie akae kwako tena."

Fundi alimhurumia. Machozi yalimlenga. Zamani angeomba radhi na kukubali.

"Hapana," akasema, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi.

Leo ndiye mkuu wa wakataji, na mkasi wake haukosei. Ila karakana nzima huwezi kukuta kiti kitupu. Mtu akiinuka tu, hata kwenda kunywa maji, mkuu anakipindua miguu juu.