Kinuyo Ajifunza Kupasua Uyoga

Kila vuli Kinuyo na mumewe Tokuji walipanda mlimani kuchuma uyoga. Jumapili moja walirudi na kikapu kimejaa.

"Mbona huu mnene kuliko ule wetu wa kila mwaka?" Kinuyo aliuliza.

"Si unaona umeliwa na wadudu? Ungekuwa na sumu wangekufa. Wewe tia biringanya tu. Biringanya inaua sumu."

Kinuyo akapika, wakala. Vyombo vilikuwa bado mezani Tokuji alipoanza kutapika. Kinuyo naye akafuata. Genzo, mdogo wake Tokuji, aliwakimbiza hospitali. Walilazwa siku mbili.

"Uyoga basi," Tokuji alisema waliporudi. "Sitaki hata kuusikia."

"Mimi siachi. Nitajifunza."

"Wewe? Na miaka sitini na saba?"

"Na hiyo hiyo sitini na saba."

Kesho yake alipeleka uyoga uliobaki kituo cha afya. Bi Hatsue, mtaalamu wa uyoga, alipasua mmoja kwa kisu, kuanzia kofia hadi chini ya shina. Ndani ya shina palikuwa na doa jeusi.

"Huu unaitwa tsukiyotake. Una sumu. Unaota kwenye gogo moja na ule wenu mzuri, umefanana nao kabisa."

"Kumbe ni kutazama doa tu!"

"Polepole, mama. Mwingine hauna doa na sumu unayo. Wadudu wanaula na hawafi. Biringanya haisaidii, wala moto. Ukiwa na shaka hata kidogo, usile. Tuletee tuuangalie."

Kinuyo alirudi kila Jumamosi. Alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Theluji ilipoanza kuanguka, alikuwa hakosei.

Vuli iliyofuata, wanakijiji walikusanyika mtoni kupika mchuzi wa magimbi. Genzo alileta sinia la uyoga. Kinuyo akakaa chini, akapasua mmoja mmoja. Wa ishirini ulikuwa na doa. Akaumwaga wote.

"Ah, shemeji! Kwa mmoja tu?"

"Huo mmoja unatosha kulaza watoto wote hawa. Na huu mwingine umechanganyika nao, sina hakika nao."

Watu walinung'unika. Tokuji akasimama na bakuli lake.

"Msibishane naye," alisema. "Mimi nipeni magimbi."

Wakala magimbi na nyama, watoto wakaongezewa mara mbili. Hakuna aliyeumwa tumbo. Jumamosi iliyofuata, Genzo alifika kituo cha afya na kikapu chake, akaketi karibu na shemeji yake.