Makopo ya Filamu ya Papa Théophile

Wandugu wa Kirolirwe, ninyi mnaolaumu vita peke yake kwa msiba wa nyumba ya Papa Théophile, nisikilizeni. Mimi Mama Godelieve nilikuwa jirani yake, sikusimuliwa na mtu.

Jumapili ile ng'ombe walikuwa malishoni, Mama Mbambu anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mume wake Théophile yuko nyuma ya duka lake anapangusa filamu zake za zamani za Ulaya, kila moja ndani ya kopo la chuma, bapa na la mviringo. Zilionyesha wanaume waliovaa gauni, wanawake wanaopendana, watu wanaojiuliza wao ni nani. Mimi sikuona ubaya.

"Bazungu banazitafuta sana," aliniambia. Karibu azibusu, mzee mzima!

Mara risasi zikalia mlimani. Binti yao Kétsia, wa miaka tisa, alikuwa na malaria kali, hawezi hata kusimama. Tukakimbilia chukudu, kile kigari chao cha mbao, tumulalishe juu yake, tumusukume. Loo! Papa alikuwa amekwisha kufunga makopo pale.

"Kétsia tutamubeba ku mugongo," akasema.

Tukashika njia ya Lushebere, mtoto akitetemeka mgongoni mwa mama yake. Tukafika kwenye kizuizi cha wenye bunduki. Mmoja akayaona yale makopo.

"Mabomu ya kutega! Laleni chini!"

Tukalala matopeni, bunduki visogoni. Niliogopa hata nikajikojolea, sioni haya kulisema.

Papa akafungua kopo, akanyoosha utepe juani. Mkubwa wao akachungulia, akacheka.

"Unakimbia vita na wanaume wa gauni? Haya, chagua cha kwenda nacho: chukudu ao makopo. Kimoja kinabakia hapa."

"Chukudu!" Mama Mbambu akalia. "Papa Kétsia, sema chukudu! Mutoto anakufa!"

Papa akayakumbatia makopo yake, akasema, "Makopo."

Mungu wangu! Alitembea nayo kichwani. Mke wake alianguka mara mbili kwenye kilima, nami nikampokea mtoto, naye alikuwa wa moto sana, kisha akaanza kupoa. Kule Lushebere muuguzi alimugusa shingo.

"Mumechelewa, Mama."

Papa Théophile alisimama pale na mzigo wake, na hakuna aliyemsaidia kuutua.

Fundisho

Msiseme vita peke yake vilimuua Kétsia, wala msiseme ni filamu. Picha haiui mtu. Aliyemuua ni baba aliyependa kitu mpaka akasahau damu yake. Mtu apende anachopenda, lakini siku ya kukimbia tubebe kwanza asiyeweza kutembea. Mikono ikibaki, ndipo tushike vitu.