Koma, Eda!

"Kazija! Umeachika, mwanangu! Mbele ya kadamnasi!"

Hiyo sauti ni ya Mzee Mbarouk, bandarini Mkoani, mwaka 1961... meli ndiyo kwanza inang'oa nanga!

Wewe unayepitisha kidole hapo, hebu tulia. Haya mambo yanauma.

Kazija, binti yake Mbarouk, alikuwa bi harusi wa Mtambile, hina haijamtoka miguuni. Mumewe, Shaame, kapata nafasi ya kwenda kusomea ufundi wa mashine Ujerumani. Basi kutwa ni Kijerumani! Mke anapepeta mchele, mume anamfundisha.

"Sema, *Ich fahre*."

"Ishi fare."

"Ahaa! Maana yake nasafiri. *Ich* ni mimi."

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Walipendana wale, jamani!

Siku ya safari, Shaame kasimama juu ya meli, machozi yanamtoka, mashine inanguruma. Akapaza sauti kumwambia mkewe... na watu wote wakasikia:

"Ishi... koma... eda!"

Lo! Mwanamke anaambiwa akome, akae eda! Kuna talaka gani tena zaidi ya hiyo?

"Baba, labda ni Kijerumani," Kazija alisema, analia.

"Kijerumani cha koma? Kijerumani cha eda? Twende nyumbani!"

Na Mbarouk alikuwa hampendi Shaame tangu mwanzo. Hapo akapata sababu.

Kazija alikaa eda. Salamu za Shaame zilipoletwa na watu wa bandarini, mzee alizizuia mlangoni, mwanawe hakuambiwa lolote. Eda ikaisha, akaozwa Hamad, mkulima wa Chokocho, mtu mpole, maskini, asiyejua kitu.

Mwaka uliofuata... hodi!

Shaame huyo, mlangoni Chokocho, na sanduku lake; kaambiwa tu mkewe yuko huko.

Kazija akatoka. Tumbo liko mbele.

"Kazija... nini hiki?"

"Si uliniacha, Shaame? Ulisema nikome, nikae eda!"

Shaame akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Nilisema *Ich komme wieder*. Nitarudi, Kazija. Nilikwambia nitarudi!"

Ukelele alioutoa Kazija, majirani walidhani pana msiba. Na kweli ulikuwepo.

Shehe akaitwa. Akasema talaka haikuwapo, Kazija bado ni mke wa Shaame, na ndoa ya Hamad si ndoa.

Mwataka kujua Shaame alifanya nini? Alimtazama Hamad, mtu asiye na kosa. Akalitazama lile tumbo. Kisha akaitamka talaka kwa Kiswahili safi, kila mtu asikie, ili Kazija aozwe Hamad kihalali, na mtoto asije akanyooshewa kidole.

Akaondoka. Safari hii hakusema neno la kurudi.

Kazija ni mama yangu. Aliyekuwa tumboni ni mimi.

Baba Hamad kanilea vizuri, simlaumu. Lakini mama mpaka anakufa hajapata kucheka vile tena.

Enyi wazazi, neno msilolijua, ulizeni! Kuuliza si ujinga. Msimvunjie mtu nyumba kwa kuwa sikio lenu limesikia linalolipenda.