Cherehani na Cheti cha Udereva

Kila asubuhi Koulsoum alikaa mlangoni kwake, mtaa wa Tsaramandroso mjini Mahajanga, akidarizi kofia. Zamani alikuwa na cherehani. Ilimwingizia faranga elfu nane kwa mwezi, na mchele haukukatika nyumbani. Sasa alibaki na sindano ya mkono. Kofia moja ilimchukua wiki tatu na kumuumiza macho.

Cherehani ilikwenda wapi? Iliponzwa na arusi ya mtu mwingine.

Mwaka 1983 Mikidache, dereva wa lori la miwa, alirudi Mahajanga kutoka mashamba ya kisiwa cha Nosy Be kufanya arusi kubwa, ile ambayo kila Mngazija huiota. Ng'ombe saba walichinjwa. Bibi arusi alivishwa dhahabu mpaka viwikoni. Mtaa mzima ulikula, ukacheza, ukapiga hesabu.

"Umeona udereva?" alisema Mahamoud, mume wa Koulsoum. Yeye alikuwa kuli bandarini. "Nikipata cheti cha lori, mama Hasnati, kwa mwaka mmoja nitakununulia cherehani mbili."

Hakuna aliyemuuliza Mikidache analipwaje. Kumuuliza mtu aliyefanya arusi kubwa habari za mfuko wake ni kumvunjia heshima. Basi wakahesabu ng'ombe, wakadhani wamehesabu mshahara.

Koulsoum aliuza cherehani kwa elfu hamsini. Shule ya udereva ilitaka sitini, wakakopa kumi. Kwa miezi mitatu Mahamoud alisoma, hakubeba gunia hata moja, wala hakulipwa. Alifaulu. Akapanda meli kwenda Nosy Be, akapata kazi kweli. Elfu arobaini kwa mwezi! Mara mbili ya ukuli. Koulsoum alipiga vigelegele.

Mwisho wa Novemba Mahamoud akatokea mlangoni na mkoba wake.

"Umepewa likizo?" Koulsoum aliuliza.

"Miwa imekwisha. Hakuna miwa, hakuna mshahara. Mpaka Juni."

Bandarini nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Akawa kibarua wa siku mojamoja.

Mwaka huo jirani mpya alihamia. Aliitwa Bi Echata, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa karani wa mishahara ya madereva huko Nosy Be. Koulsoum alimwendea na machozi yake.

"Lete penseli," alisema Bi Echata. "Bandarini alipata ngapi?"

"Elfu ishirini, mwaka mzima."

"Mara kumi na mbili, laki mbili na arobaini elfu. Na miwa?"

"Elfu arobaini, miezi sita."

Koulsoum alizidisha mwenyewe. Laki mbili na arobaini elfu. Alizidisha tena. Ilikuwa ileile.

"Bado hujatoa nauli ya meli na kodi ya chumba," alisema Bi Echata. "Bado hujatoa miezi mitatu ya masomo bila mshahara. Na cherehani yako ilikuwa inaleta laki karibu nzima kwa mwaka. Hiyo nayo ni gharama ya cheti."

"Na wale ng'ombe wa Mikidache?"

"Mwanangu, Mikidache amewachangia wanarika wenzake miaka ishirini. Safari hii wao walimchangia yeye. Dhahabu bado anailipa. Lori halikununua hata pembe ya ng'ombe."

Koulsoum alikasirika. Alimkasirikia Mikidache, akamkasirikia mumewe, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa muda mrefu zaidi.

"Kwa hiyo cheti hakifai?"

"Kinafaa sana. Lakini kwanza umtafute atakayekuajiri, umuulize analipa miezi mingapi. Kisha ndipo uifuate shule. Ninyi mlianza na shule."

Miaka miwili ilipita. Mahamoud alikwenda na miwa na kurudi na mvua. Koulsoum alidarizi, akaweka akiba kwenye kopo la maziwa. Lilipofika elfu arobaini na moja, Sitti, jirani wa ukuta mmoja, aliingia.

"Dada, nauza cherehani yangu. Elfu arobaini tu, kwa kuwa ni wewe. Mume wangu Youssoufa anataka cheti cha lori, aende kwenye miwa."

Koulsoum alitupa jicho kitandani. Kopo lilikuwa chini ya kitanda, hatua tatu tu. Cherehani ya Sitti ilikuwa nzima, na mkanda wake mpya. Angenyamaza tu, ingekuwa yake kabla ya adhuhuri. Naye alikuwa amechoka, jamani. Alichoka kuchomwa na sindano.

"Una haraka gani?" aliuliza mwishowe. "Kaa. Lete penseli."

Wakahesabu mpaka chai ikapoa. Sitti alirudi kwake, na cherehani yake hakuiuza.

Youssoufa aliwazungukia wenye maduka kwanza. Wa nne alimwahidi kazi ya kusambaza unga mjini, miezi yote kumi na miwili, akipata cheti. Akasoma jioni, mchana akabaki bandarini. Ada aliilipa kidogokidogo kwa fedha za ushonaji wa mkewe. Mwaka uliofuata lori la unga lilipita Tsaramandroso, Youssoufa usukani, akapiga honi mbele ya mlango wa Koulsoum.

Mahamoud naye sasa anawazungukia wenye maduka. Hajaambulia kitu bado, lakini safari hii anauliza habari za miezi kabla ya kuuliza mshahara.

Koulsoum hajutii alichomwambia Sitti. Wivu anao, wala haufichi. Kila asubuhi cherehani inaanza kulia ng'ambo ya ukuta. Yeye huvuta uzi, huivaa miwani yake, na kuendelea na kofia.