Chiriku na Birika Lenye Mafua

Kila jioni nyumba ile ilikuwa na sauti tatu. Cherehani ya Mama ililia karibu na dirisha. Maji yalimwagika uani, Baba akinawa saruji mikononi baada ya kazi. Na juu ya sauti hizo mbili ilisikika sauti ya binti yao wa miaka minane. Huyo alikuwa hanyamazi. Alisimulia ya shuleni, ya njiani, na hata ya paka wa jirani. Ndiyo maana walimwita Chiriku.

Lakini muhula huu Chiriku alikuwa kimya. Ikifika saa ya kusoma, alishika tumbo.

"Mama, tumbo linauma."

"Tena?"

"Linauma sana."

Mama alisimamisha cherehani. Jana tumbo liliuma saa hiyo hiyo. Juzi pia. Na kila asubuhi lilikuwa zima kabisa. Mama hakuwa mjinga. Alijua tumbo hili lina ratiba yake. Lakini hakucheka, maana moyo wake mwenyewe ulikuwa juu juu.

Mwalimu wa darasa alikuwa amewaita shuleni. Hakuzungukazunguka.

"Chiriku hasomi," alisema. "Mwisho wa muhula nitampa ukurasa asioujua. Atausoma hapa, mbele yangu na mbele yenu. Akishindwa, atarudia darasa."

Chiriku alikuwa amekaa pale pale, akasikia yote. Njiani kurudi nyumbani aliuliza swali moja tu.

"Nikirudia, nitakaa na watoto wadogo?"

Baba alikohoa. Mama alimshika mkono.

Siku hiyo hiyo Baba alileta dawa. Baba ni mwashi, na nyumba alizojenga zimesimama wima mpaka leo. Alikuwa na msemo wake: "Ukuta uliopinda haubembelezwi. Unabomolewa, unaanzwa upya." Basi na katika kusoma akafanya hivyo hivyo. Alitafuta kitabu kikubwa cha hali ya hewa, chenye maandishi madogo kama sisimizi. Kila jioni Chiriku alikifungua ukurasa wa kwanza. Akikosea neno moja, Baba alisema, "Anza upya!" Akikosea tena, "Anza upya!" Muhula ukasonga, na Chiriku alikuwa hajauona ukurasa wa pili.

Mama naye alitaka kusaidia. Kitabu kilikuwa na picha za mawingu na mvua. Mama aliona mtoto anazikodolea macho. "Atabahatisha maneno kwa picha," aliwaza. Akachukua karatasi zake za kukatia nguo, akakata vipande, akaziba kila picha kwa pini. Alipima vizuri, maana ni fundi. Hakuna hata jicho la wingu lililobaki nje.

Wazazi hawa walimpenda mtoto wao. Hilo lieleweke. Ila mapenzi nayo hukosea njia, tena kwa juhudi kubwa.

Jioni moja jirani yao alikuja kuchukua sketi yake. Alifanya kazi katika maktaba ya mtaa, na watoto walimwita Mama Vitabu. Mama alikuwa bado anamalizia pindo.

"Karibu, jirani. Kaa kidogo, nakaribia kumaliza."

"Taratibu tu, sina haraka."

Chiriku alikuwa mezani. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Soma, mwanangu. Jirani akusikie."

Chiriku alisoma. "Mawingu ni mkusanyiko wa matone madogo ya maji. Matone hayo huelea angani." Alisoma bila kukwama, kama maji ya bomba. Mama alitabasamu. Baba alivimba kichwa.

"Umesikia?" Baba alimwambia jirani. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mimi simchelei."

Mama Vitabu aliweka mkoba wake chini. Alikuwa akitazama macho ya mtoto. Hayakuwa kitabuni. Yalikuwa dirishani, yakimfuata paka. Alisogea, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Binti yangu, neno hili linasemaje?"

Chiriku alitazama neno. Alianza kunong'ona, "Mawingu ni mkusanyiko wa matone..." Alikuwa anarudi mwanzo ili alifikie lile neno. Hakulifikia. Akashika tumbo, na machozi yakadondoka kwenye pini za Mama.

Mama aliacha pindo. Muhula ulikuwa ukingoni, na mtoto hakuwa amesoma hata mstari. Alikuwa amekariri.

"Basi imekwisha," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Atarudia darasa."

"Haijaisha," alisema Mama Vitabu. "Mtoto aliyekariri ukurasa mzima si mjinga. Kichwa anacho. Anachokosa ni kitabu cha rika lake."

Alitoa kitabu kwenye mkoba wake. Kilikuwa chembamba, maandishi makubwa, picha tele. Juu paliandikwa *Birika Lenye Mafua*.

Baba alikipokea kwa vidole viwili.

"Birika lina pua?"

"Lina mdomo mrefu. Huyu wa humu anautumia kupigia chafya," alisema Mama Vitabu. "Ni birika la mfalme. Likipiga chafya, mvuke ukimgusa mtu, anageuka kitu kingine. Sura fupi fupi. Kila sura inaishia chafya ikikaribia."

"Jirani, nakuheshimu. Lakini mimi nataka mtoto asome. Sitaki acheke cheke na mabirika."

"Shemeji, umewahi kuona mtu akicheka jambo asilolielewa?"

Baba alifikiri. "Hapana."

"Basi. Akisoma akacheka, ujue ameelewa. Akisoma mawingu bila kuangalia kitabu, ujue ameogopa."

Baba alikuna kichwa. Mama Vitabu aliendelea kwa upole.

"Nieleze jambo. Unajenga ukuta, tofali moja likikaa vibaya, unabomoa ukuta mzima?"

"Ah, kwa nini nibomoe? Nagonga hilo hilo kwa mwiko, linakaa sawa, naendelea."

Alipomaliza kusema, alitazama mikono yake. Mama alimtazama. Chiriku naye alimtazama, machozi bado mashavuni.

"Kumbe," Baba alisema polepole. "Mimi nimekuwa nikimbomolea mtoto nyumba kila siku."

Mama Vitabu aliwaeleza la kufanya. Msome pamoja, alisema, ukurasa wewe, ukurasa yeye. Akikwama, subiri. Mpe nafasi alikate neno vipande vipande. Akishindwa, mwambie neno, kisha aendelee. Asirudishwe mwanzo. Someni sura moja kwa siku, na hata nusu inatosha. Kabla ya kufungua ukurasa mpya, muulize anadhani kitatokea nini.

"Na picha?" Mama aliuliza kwa aibu, akiwa na kisanduku chake cha pini mkononi.

"Picha ziache wazi, jirani. Mtoto anaangalia picha, anapata wazo, halafu anahakikisha kwa herufi. Huko siyo kudanganya. Ndiko kusoma kwenyewe."

Jioni iliyofuata walikaa watatu mezani. Baba alisoma kwanza. Sauti yake ilikuwa ngumu kama ya mtu anayesoma onyo la umeme. "Birika aliamka na mafua. Aa... aa..." Alikoma. "Sasa hapa nafanyaje?"

"Piga chafya, baba Chiriku!" Mama alisema.

"Mimi?"

"Imeandikwa."

Baba alitazama kama mlango umefungwa vizuri. Kisha akapiga chafya kubwa mpaka vifungo vilivyokuwa kwenye meza ya Mama vikaruka. Chiriku alicheka. Mama hakukumbuka ni lini alisikia kicheko hicho mara ya mwisho.

Ikawa zamu ya mtoto. "Mvuke u-ka-m-gu-sa... jemadari. Jemadari aka... aka..."

"Anza up—" Baba alisema.

Kidole cha Chiriku kiliganda. Mkono wa pili ukaenda tumboni. Mama alimkazia Baba macho makali. Mama aliogopa kwamba wameharibu tena.

Baba aliinuka. Alichukua njiti ya kiberiti, akaibana kwa meno, akakaa.

"Mdomo wangu umepata kazi," alisema. "Endelea, mwanangu."

Chiriku aliitazama picha. Palikuwa na jogoo mwenye kofia ya kijeshi. Alirudisha kidole kwenye neno.

"Akage... akageuka. Akageuka jogoo!"

"Jogoo?" Baba alitoa njiti. "Jemadari mzima?"

"Na bado anatoa amri, Baba! Ona! 'Ko-ko-riko! Geuka ku-li-a!'"

Siku hiyo tumbo halikuuma tena. Lakini msidhani mambo yalinyooka mara moja. Siku nyingine Chiriku alisoma mistari miwili tu, akachoka. Siku nyingine alikwama kila neno, na Mama alienda kusimama jikoni ili mtoto asione uso wake. Baba alitafuna njiti nyingi sana, hata Mama akaficha kiberiti. Mwisho wa muhula ulikuwa unakuja, na hofu iliingia nayo mezani kila jioni. Ila sasa walikuwa wanafungua ukurasa wa pili, na wa tatu. Taji la mfalme liligeuka kitunguu. Mpishi akageuka kiti, akalalamika kila alipokaliwa.

Asubuhi moja Chiriku alimkuta Baba na chai mkononi na kitabu magotini.

"Baba! Umetangulia!"

"Nilikuwa... nilikuwa nahakikisha maandishi."

"Usiniambie! Usiniambie malkia amekuwa nini!"

Alikinyakua kitabu, akasoma mwenyewe, amesimama, mswaki mdomoni. Mama alisikia kutoka chumbani. Alishika kifua akaomba kimoyomoyo yasiwe ya kukariri tena.

Siku ya mtihani ikafika. Ofisi ya mwalimu ilikuwa na meza moja, viti vichache na saa ya ukutani yenye kelele. Baba alivaa shati la kutokea. Mama alikunja na kukunjua kitambaa chake. Chiriku alikaa mbele, miguu haifiki chini.

Mwalimu alimpa karatasi. "Hii hujawahi kuiona. Soma."

Chiriku alitazama. Palikuwa na picha ya ng'ombe mwenye mkasi. Hapakuwa na Birika, wala mawingu. Alimeza mate.

"Ng'ombe alifungua duka la kinyozi. Mteja wa kwanza alikuwa Simba. Ng'ombe ali... ali..."

Akakwama. Saa iligonga ukutani. Mkono wa Chiriku uliteremka polepole kuelekea tumboni. Mama alifumba macho. Ndani ya kinywa cha Baba njiti ilivunjika, ka! Mwalimu aligeuka kumtazama, na Baba akaitema kiganjani kama mtoto aliyefumaniwa na peremende.

Hakusema, "Anza upya!" Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya mwaka ule.

Chiriku aliisikia ile njiti. Mkono ukarudi kwenye karatasi. Kidole kikakata neno vipande.

"Ali-m-ka-ri... alimkaribisha! Ng'ombe alimkaribisha kwenye kiti. Simba akasinzia. Alipoamka akasema, 'Punguza kidogo tu.' Lakini Ng'ombe alikuwa... alikuwa a-me-sha-ma..."

Hapo akaangua kicheko. Alicheka mpaka karatasi ikatikisika.

"Unacheka nini?" mwalimu aliuliza. "Hujamaliza."

"Simba, mwalimu! Ana upara!"

Mwalimu aliichukua karatasi, akaitazama. Neno upara halikuwemo. Mtoto alikuwa amelitoa kichwani mwake mwenyewe, kwa kuelewa.

"Malizia," alisema, naye akizuia kicheko.

"Ameshamaliza. Mwisho." Chiriku aliinua uso. Macho yalikuwa makubwa. "Baba! Nimefika mwisho!"

Mwalimu aliweka kalamu mezani. "Atapanda darasa na wenzake," alisema. Mama alilia waziwazi, bila kutafuta kitambaa. Baba alisema "Asante, mwalimu," mara nyingi kuliko inavyotakiwa.

Jioni hiyo walikuwa wamebakiza sura ya mwisho ya Birika. Kile kitabu cha mawingu kilikuwa kabatini, pini zote zimetolewa, kikingoja Chiriku akue. Mama Vitabu alikuwa amekuja na kitabu kingine mkobani, akakaribishwa chai.

Ilikuwa zamu ya Baba. Alisoma kwa mbwembwe, sauti nene kwa mfalme, nyembamba kwa Birika. Katikati akajikwaa kwenye neno refu. Akakohoa, akarudisha kidole mstari wa kwanza.

Chiriku aliushika mkono ule mgumu wa saruji, akaurudisha palepale.

"Usianze upya, Baba," alisema. "Tengeneza hilo hilo. Nakusubiri."

Baba akalikata neno vipande vipande. Likakaa sawa, naye akaendelea mpaka mwisho.