Nilipika Dawa ya Nguruwe, Dada Yangu Akafukuzwa Nyumbani

Nina miaka hamsini na moja. Ninaishi upande wa Matete, Kakamega, na shule niliachia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia nikikosea. Jambo hili limenikaa kifuani tangu tumzike dada yangu Rasoa. Kanisani nimejaribu kulisema nikashindwa. Labda kwenye karatasi nitaweza...

Rasoa alikuwa kitinda mimba wetu. Aliolewa Butere, ndoa ikamshinda baada ya miaka mingi, akarudi nyumbani na sanduku moja na godoro. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Mwenye usemi alikuwa kaka yetu mkubwa, Zablon. Na kwetu, binti akirudi, watu humwangalia kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Zablon si mtu mbaya. Alimwonyesha kipande cha chini kando ya kijito, akamwambia mbele yangu, "Fuga nguruwe hapa mpaka Krismasi. Wakitoka vizuri, kipande hiki ni chako, ujenge. Wakikushinda, utafute pengine. Mimi sitalisha mtu mzima."

Kipande hicho nilikuwa nimekipanda nyasi za ng'ombe wangu. Mdomoni nilisema sawa. Moyoni je? Nitawaambia mbele.

Rasoa alinunua vitoto sita vya nguruwe. Mahindi yalikuwa ghali, lakini yeye alikuwa amehudhuria mafunzo ya wakulima akarudi na maarifa. Alitumia pumba nyingi za ngano na mahindi kidogo tu. Alinieleza kwamba tumbo la nguruwe haliwezi kuzivunja pumba vizuri, chakula kinapita tu na nguvu yake yote inaishia kwenye mavi. Ndiyo maana alinunua unga fulani wa vimeng'enya, wa rangi ya maziwa, kijiko kimoja tu kwa ndoo. Unga huo hufanya kazi ndani ya tumbo, kuzivunja pumba ili mnyama apate kushiba kweli.

Asubuhi alikuwa akienda kufua nguo za watu sokoni, kwa hiyo kulisha aliniachia mimi. Nilipika chakula hicho kwenye nusu pipa, pamoja na majani ya viazi vitamu, jinsi mama yetu alivyokuwa akifanya. Rasoa alinisisitizia, "Kaka, pika, halafu ngoja ipoe kabisa ndiyo uweke unga. Ipoe kabisa!"

Mimi nilimcheka. Nikamwambia, "Kwani wewe chumvi huwekanga kwa sufuria baridi?"

Akacheka pia. "Hii si chumvi, kaka. Nisikize tu."

Sikumsikiza! Kungoja pipa lipoe ni kazi, na nguruwe wakisikia harufu hupiga kelele mpaka majirani wanauliza. Nilimwaga unga ule ndani wakati chakula kingali kinatokota, nikakoroga vizuri, nikajiona mjanja. Siku baada ya siku, miezi minne!

Nguruwe walikula. Matumbo yalijaa, lakini migongo ilibaki kama msumeno. Mavi yao yalikuwa mengi na mepesi, yamejaa pumba nzima nzima. Rasoa aliyaangalia kila jioni akitikisa kichwa. Alipunguza chakula chake mwenyewe ili aongeze soya. Aliwanunulia dawa ya minyoo. Mara nyingi aliniuliza, "Kaka, unangoja ipoe?"

Nami nikajibu, "Nangoja."

Mnasikia? Nangoja!

Mwanzoni mwa Desemba mnunuzi alikuja. Akaegemea banda, akachungulia, akasema, "Mama, hawa ni nguruwe ama mbwa wa kuwinda?" Watu waliokuwa hapo walicheka. Hata mimi nilicheka. Rasoa aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa malapa.

Juma hilo unga uliisha, akanituma agroveti, duka la dawa za mifugo. Nilimuuliza mama wa duka mbona unga wake haufanyi kazi. Akaniuliza ninautumiaje. Nilipomweleza, alishika kichwa.

"Mzee, umeupika? Hii haipikwangi! Ukiweka kwa moto imekufa. Hapo unalisha pumba tupu!"

Nilisimama pale na paketi mkononi. Maelezo yalikuwa yameandikwa nyuma, kwa Kiswahili, na kusoma najua. Niliyasoma. Yalisema maneno yaleyale ya dada yangu.

Basi kuanzia siku hiyo nilijua. Kikao alichoitisha Zablon kuamua juu ya kipande kile kilikuwa bado siku nne. Nilikuwa na siku nne nzima za kufungua mdomo!

Tulikaa sebuleni kwa Zablon. Aliuliza, "Rasoa, ilikuwaje?"

Dada yangu akasema, "Sijui, kaka. Nilifanya vile nilivyofundishwa. Labda sikuelewa vizuri."

Zablon akanigeukia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa unalisha. Kuna kitu uliona?"

Mtanisamehe nikisema ukweli wote. Ningeweza kudai niliona aibu, na aibu ilikuwepo. Lakini pia niliwaza nyasi zangu kando ya kijito. Nikasema, "Niliweka kila kitu alichonipa. Hizo dawa za mafunzo ni uongo wa watu wa mjini."

Rasoa aliniangalia. Mpaka leo sijui kama alielewa...

Aliondoka kabla ya Krismasi. Alipanga chumba huko Butere, karibu na soko, na nguruwe wale wakauzwa kwa bei ya kutupa. Mimi nikaruka ua siku ya pili yake nikaanza kupima nyasi.

Sasa ngojeni mwone moyo wa binadamu ulivyo. Mwezi wa kwanza nilinunua vitoto vyangu viwili. Pumba zilezile, unga uleule, banda lilelile. Lakini safari hii nilingoja chakula kipoe mpaka nikitia mkono hakina joto, ndipo nikaweka unga. Mavi yakakauka yakashikana. Migongo ikajaa. Kufikia Pasaka walikuwa wakitembea kama wachungaji wenye mashavu!

Rasoa alikuja kutusalimia Pasaka hiyo. Alikuwa amekonda. Alisimama bandani muda mrefu, mkono mdomoni, kisha akasema kwa furaha kabisa, furaha isiyo na wivu, "Kaka! Umewafanyia nini? Nifundishe!"

Ningesema hapo! Tulikuwa wawili tu. Ningepiga magoti kwenye yale matope. Nikamjibu, "Ni Mungu tu, dada."

Akasema, "Basi Mungu aliniona mimi vibaya." Akacheka kidogo, akaingia ndani kumsaidia mke wangu kusonga ugali.

Mvua kubwa zilipofika nilipigiwa simu. Homa ya mapafu. Chumba chake kilikuwa kikiingiza maji chini ya mlango, naye alikuwa akilala kwenye lile godoro, chini. Alikaa hospitali siku tatu. Nilimkuta hawezi kuongea. Nilimshika mkono nikamwambia pole. Pole tu! Sikusema pole ya nini, maana muuguzi alikuwa amesimama pale.

Zablon alisema azikwe nyumbani. Kwa desturi yetu, binti aliyerudi kutoka ndoani hazikwi katikati ya boma, huwekwa pembeni. Pembeni ni wapi? Ni kando ya kijito. Nilifyeka nyasi zangu kwa mikono yangu mwenyewe ili wachimbe.

Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti kama ndugu wa marehemu. Nikasema alikuwa mchapakazi, hana baya na mtu. Watu wakaitikia amina.

Baada ya wiki mbili nilimwendea Zablon nikamweleza kila kitu, kuanzia pipa hadi agroveti. Nilitaka anipige. Akasema, "Mbona unaniambia mimi?"

Ndugu wasomaji, mnaofuga, huo unga ni mzuri, utumieni, lakini uwekeni chakula kikishapoa. Hilo ni dogo, hata paketi itawaambia. Ninalowaomba kwa machozi ni hili jingine. Ukimharibia mtu kazi, mwambie siku hiyohiyo, mbele ya wale waliomlaumu, hata kama utapoteza shamba. Usingoje mpaka iwe rahisi kusema. Mimi sasa nasema kila asubuhi, kwa sauti, nikiwa kando ya kijito... na hakuna anayeniuliza swali lolote.