Sauti ya Mama Ndani ya Kompyuta

Fausta alifungua duka lake la stationari pale Makanyagio, akawasha kompyuta, akaenda kununua vitumbua. Akarudi, akanywa chai, akafagia. Loo! Kompyuta bado inajikongoja. Wateja wa kuchapa barua walishahamia duka la jirani.

"Dada, leo tunafuta kila kitu, tunaanza upya," alisema kaka yake, Ponsian. "La sivyo duka linakufa."

"Usiguse! Sauti ya mama imo humo!"

Mama yao, Tereza, alishafariki. Zamani, huko Kibaoni, Fausta alimrekodi kwa simu ya kitochi wakati wakiamia ndege wasile mpunga, baadaye akazihamishia rekodi kwenye kompyuta. Ah, siku zile! Makopo yanagongwa, matope hadi magotini, na mama anaimba kwa Kipimbwe. Siku hizi Fausta akijaribu kuikumbuka sauti ile, haiji. Jambo hilo lilimuuma sana.

"Basi itafute," alisema Ponsian.

Fausta alibofya folda kubwa. Humo mlijaa picha za wateja, nyimbo na barua za kazi, vurugu tupu. Kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Machozi yakamlenga.

Mara akaingia jirani yao, Mama Imakulata, mhasibu mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona nyie mmenuna hivyo?"

Wakamweleza. Mama Imakulata akacheka.

"Sisi tulianza kazi kompyuta haina kipanya. Skrini nyeusi tu! Unaiandikia amri, inatii. Raha iliyoje! Skrini ile bado ipo, ila mnaiogopa bure. Fausta, andika cmd pale pa kutafutia, bonyeza Enter."

Dirisha jeusi likafunguka.

"Kila faili lina mkia. Picha nyingi zina .jpg. Rekodi za kitochi chako je?"

"Zina .amr."

"Haya, andika hivi."

dir D:\*.amr /s

"Dir ni kusema 'nionyeshe'. D ni sehemu ya kompyuta unamoweka mafaili yako. Nyota ni jina lolote. Hiyo s inaingia folda zote za ndani."

Majina yakamiminika.

"Yapo! Kaka, yapo!"

"Polepole, mwanangu. Kwanza nakili, ndipo ufute. Na amri ya del usiichezee. Ukifuta kwa amri hiyo, faili haliendi kwenye kapu la taka. Ndiyo limekwenda."

Fausta akachomeka flashi. Kompyuta ikaiita E. Mama Imakulata akamtajia amri ya kunakili, naye akaandika:

xcopy D:\*.amr E:\Mama /s /d /i

"Hiyo d inaruka yaliyokwisha nakiliwa. Hiyo i inatengeneza folda. Sasa mstari huo uweke kwenye Notepad, ile programu ya kuandikia, uhifadhi kwa jina nakili.bat. Siku nyingine unabofya tu, kazi inajifanya yenyewe."

Kazi za wateja nazo wakazinakili kwenye flashi nyingine. Jioni Ponsian aliisafisha kompyuta, na sasa inawaka chai haijapoa. Wateja wamerudi. Kila siku Fausta hafungi duka kabla ya kunakili kazi za siku hiyo.

Lakini siku ile, kabla ya kufuta chochote, Mama Imakulata aliwaambia wahakikishe nakala inafunguka. Fausta akafungua rekodi moja kwenye flashi. Makopo yakagongwa. Wimbo ukaanza, kisha mama akaukatiza ghafla.

"Ponsi! Umelala tena? Ndege wanamaliza mpunga!"

Ponsian, baba wa watoto wanne, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Sijalala, mama," akajibu.